Watoto wawili, majora ya vitambaa na mama mkwe: nichukue gari dogo lipi?

Shikamoo mjomba,

Mimi ni fundi cherehani, mama wa watoto wawili. Mkubwa ana miaka 7, mdogo ametimiza 2 juzi juzi. Mama mkwe anaishi nasi na magoti yanamsumbua, kuinuka kwenye kochi tu ni kazi. Kila asubuhi nampeleka mkubwa shule, kilomita 3, kisha naendelea kilomita 11 hadi kwenye karakana yangu, na sehemu kubwa ya njia hiyo ni foleni. Mara mbili kwa wiki nabeba majora ya vitambaa. Siku za kupimisha wateja nabeba pia lile sanamu la kifua la kuvalishia nguo.

Tumeweka akiba ya gari dogo lililotumika, la milango mitano, lile ambalo mlango wa nyuma unanyanyuka pamoja na kioo chake. Nimechuja nimebaki na matatu: Honda Fit, Toyota Vitz na Mazda Demio. Moyo wangu uko kwa Demio, sikufichi. Nimeiona ya mwaka 2015, nimekaa kwenye usukani, sikutaka kushuka.

Kaka yangu ndiye ananichanganya. Leo ananiambia nichukue Demio ya dizeli maana hainywi mafuta. Kesho ananiambia gari dogo ni la wanafunzi, mtu mwenye familia anunue gari la juu hata kwa mkopo, kwa sababu tutasafiri. Safari zenyewe ni mara moja au mbili kwa mwaka, kama kilomita 500. Mume wangu anasema nichague mwenyewe kwa kuwa nitaendesha mimi. Halafu nimesikia gia otomatiki za CVT zinakufa ghafla. Mimi si mrefu, sentimita 158, kama hilo lina maana yoyote.

Nisaidie, maana pesa hii ikipotea sina nyingine.

Mama Majora

* * *

Marahaba mpwa wangu.

Urefu wako una maana kubwa kuliko unavyodhani, nitaufikia. Kwanza nianze na jora, kwa sababu hilo ndilo litakaloamua.

Wewe unajua kuliko mimi kwamba vitambaa vingi huja kwa upana wa sentimita 140 au 150, na jora huwa na urefu huohuo isipokuwa kitambaa kimekunjwa mara mbili. Buti ya gari lolote kati ya hayo matatu, ukipima pale matao ya matairi yanapoingia ndani, ni kama mita 1 tu. Jora halitalala kwa upana hata ulibembeleze vipi. Litaingia kwa urefu, na ili liingie kwa urefu, kipande cha siti ya nyuma lazima kilazwe. Hapo ndipo watu huumbuka. Siti ya nyuma kwenye magari haya kwa kawaida imegawanywa vipande viwili visivyolingana, 60 kwa 40. Ukilaza kipande kidogo, jora linapita pembeni na watu wawili wanakaa nyuma bila shida. Kiti cha mtoto kikiwa kimefungwa upande huo wa kipande kidogo, itabidi ulaze kile kikubwa, na mkubwa wako hana pa kukaa. Kwa hiyo kabla ya rangi na redio, fungua mlango wa nyuma uone kipande kidogo kiko upande gani. Na usishangae ukikuta Vitz ya daraja la chini ambayo siti yake ya nyuma ni kipande kimoja kizima, ikilala imelala yote. Hiyo iache hapohapo ilipo, hata kama imetunzwa kama yai.

Sasa lile sanamu lako. Kwenye magari mengi tangi la mafuta hukaa chini ya siti ya nyuma. Honda walipoitoa Fit ya kwanza mwaka 2001 waliliweka tangi chini ya siti za mbele, na wameendelea hivyo kizazi baada ya kizazi. Faida yake huioni mpaka uinue kikalio cha siti ya nyuma. Kinanyanyuka juu na kujishika kwenye mgongo wa siti, kama viti vya ukumbi wa sinema, na mbele yako panabaki chumba kitupu kuanzia sakafuni hadi karibu na dari, kama mita 1.2 kwenda juu. Sanamu la kifua ukilichomoa kwenye mguu wake linasimama humo wima, na gauni lake limevalishwa, bila kukunjika. Ukitaka jora badala ya sanamu, unarudisha kikalio chini, unalaza mgongo, nacho kinazama chini kabisa na sakafu inakuwa bapa toka buti hadi nyuma ya siti ya mbele. Vitz na Demio mgongo ukilala huacha kituta, na jora zito litapinda pale katikati. Kitambaa cha pamba hakitajali. Velveti itajali.

Nimeona watu wakisifu Fit kwa sababu nyingine kumi na moja. Mimi kwangu ni hii ya siti, mengine ni ya kawaida tu.

Tuje kwenye abiria. Mtoto wa miaka 2 bado ni salama zaidi akikaa kwenye kiti kinachotazama nyuma, maana shingo yake haijakomaa kubeba kichwa gari likigonga kwa mbele. Kiti cha namna hiyo ni kirefu, kinalala mshazari na kula nafasi ya siti iliyo mbele yake. Ukikiweka nyuma ya siti ya abiria, siti hiyo itasogezwa mbele hadi magoti ya mama mkwe yaguse dashibodi, na magoti yenyewe ndiyo hayo. Hapo ndipo sentimita zako 158 zinapotuokoa. Dereva mfupi husogeza siti yake mbele, na nyuma yake pabaki wazi. Mtoto akae nyuma yako, mama mkwe akae mbele na siti yake imerudishwa nyuma kabisa, mkubwa akae nyuma ya bibi yake. Mtu asije akakushauri umweke mdogo mbele akitazama nyuma huku mfuko wa hewa wa abiria ukiwa unafanya kazi. Mfuko ule ukifumka unakipiga kiti cha mtoto kwa nguvu za kuua.

Kwa mpangilio huo, kipande kidogo cha siti kinatakiwa kiwe wapi? Siku za majora watoto wakiwa shuleni au nyumbani, popote pale. Siku ambayo lazima nyote watano muwe ndani, jora halina nafasi katika gari lolote la ukubwa huu, na nakuambia sasa ili usije ukaligundua mbele ya duka. Siku hizo fanya safari mbili.

Nenda kwa muuzaji na kiti cha mtoto mkononi. Nenda na mama mkwe pia, usione haya. Tafuta kwenye mkunjo kati ya kikalio na mgongo wa siti ya nyuma zile pete mbili za chuma za ISOFIX, uzishike kwa vidole, kisha ukifunge kiti palepale. Baada ya hapo mwambie mama aingie mbele na kushuka mara tatu. Unachotazama ni makalio yake yanavyofika kwenye siti. Akiwa anadondoka chini kama anayekaa kwenye kigoda, gari ni la chini mno kwake, na kushuka kutakuwa kazi ya watu wawili. Akiwa anateleza tu pembeni na miguu bado iko chini, hapo sawa. Gari la juu sana, kama lile la kaka yako, nalo lina adhabu yake: linamtaka apande. Mwenye magoti mabovu hataki kudondoka, hataki kupanda.

Hapo Demio inapoteza, mpwa wangu, najua inauma. Demio hiyo ya 2015 ni ya kizazi kilichotoka mwaka 2014, na ni gari zuri kweli. Mazda waliyasogeza magurudumu ya mbele zaidi mbele ili miguu ya dereva inyooke moja kwa moja kwenye pedeli, ndiyo maana ulipokaa hukutaka kushuka. Lakini nafasi hiyo imetoka mahali. Demio hiyo ina urefu wa mita 4.06 kwa nje, Fit ya wakati huohuo ina mita 3.955, na bado Fit ndiyo yenye nafasi nyuma. Demio imeutumia urefu wake kwenye boneti. Kaa wewe mwenyewe siti ya nyuma, dakika tano, mlango umefungwa. Kingo ya dirisha inapanda, dari inashuka, mtoto wa miaka 7 hataona nje vizuri. Ungekuwa unaendesha peke yako ningekuambia chukua Demio leo.

Kuhusu kaka yako. Nampenda, maana bila watu kama yeye safu hii ingekosa barua. Dizeli yake kwanza. Ni kweli Demio ya dizeli ya cc 1500 inakwenda mbali kwa lita moja, na ina nguvu kuliko ndugu yake wa petroli. Ila moshi wa dizeli za siku hizi hupita kwenye kichujio kinachonasa masizi, na kichujio hicho hujisafisha kwa kuyaunguza masizi kwenye joto kali. Joto hilo linapatikana gari likienda mwendo mzuri kwa muda, tuseme barabara kuu dakika 20 na zaidi. Wewe unakwenda kilomita 3, unazima, unasubiri mtoto ashuke, unawasha, unaingia foleni. Injini haijapata hata kupasha oili yake vizuri. Kichujio kitaanza kujisafisha, utazima katikati, kitaanza tena kesho, utazima tena, mpaka siku taa iwake kwenye dashibodi na fundi akuambie kimeziba. Mafuta uliyookoa yatarudi hapo yote. Dizeli ni ya mtu anayekula barabara ndefu kila siku.

Na hilo la wanafunzi. Mwambie kwamba Japani, mwaka 2002, Fit ndiyo iliyokuwa gari lililouzwa kuliko yote, ikaivua Corolla taji iliyokuwa imelivaa miaka 33 mfululizo. Wanafunzi hao walikuwa wengi sana. Safari zenu za kilomita 500 mara mbili kwa mwaka ni kilomita 2,000 kwenda na kurudi. Shule na karakana, kwenda na kurudi kwa siku tano za wiki, ni kilomita 140, kwa hiyo ndani ya mwaka unakaribia 7,000, na karibu zote ni za foleni na kutafuta pa kuegesha. Kununua gari la juu kwa mkopo ili likufae siku nne za mwaka ni kuwashonea watoto suti ya harusi waende nayo shule.

Ila kuna jambo moja la safari ndefu ambalo ana haki nalo: injini. Magari haya yana uzito wa tani 1 hivi. Wewe, mume, mama, watoto wawili na mabegi mnakaribia kilo 350, yaani theluthi ya gari. Vitz ya cc 1000 ina silinda tatu na nguvu farasi 69. Mjini na watu wawili inatosha sana. Mkijaa nyote na mlima ukaanza, utaikanyaga mpaka chini na bado lori litakuwa linakukaribia kwenye kioo. Ukichukua Vitz, chukua ya cc 1300. Fit yenyewe huanzia cc 1300, hapo huna la kuwaza.

Gia sasa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo pesa za watu zinapofia.

CVT haina gia za kupanda ngazi kama otomatiki ya zamani. Ina puli mbili zinazobana na kuachia mkanda wa chuma, zikitanuka na kusinyaa kadiri unavyokanyaga. Ndiyo maana injini hupiga kelele moja tu ndefu wakati gari linaongeza mwendo, usidhani ni ugonjwa. Mkanda ule haupaswi kuteleza kwenye puli, na kinachouwezesha kushika ni oili ya aina yake maalumu. Kila mtengenezaji ana ya kwake, na jina lake limeandikwa kwenye kitabu cha gari. Mimi mwenyewe yalinikuta. Nilimwachia fundi gari asubuhi abadilishe oili ya gia, nikarudi jioni likiwa linang'aa. Alikuwa ameweka oili ya otomatiki ya kawaida, ile nyekundu, akaniambia zote ni oili. Wiki ya tatu gari likaanza kutetemeka kila ninapoondoka kwenye mataa, kama mtu mwenye homa. Mwezi wa pili likawa linanguruma na haliendi. CVT nyingi mnazosikia zimekufa ghafla zimekufa hivyo, polepole, kwa oili isiyo yake au oili ambayo haijabadilishwa tangu gari litoke kiwandani. Kwa foleni zako ibadilishe kila kilomita 40,000, na mimi mwenyewe hubadilisha mapema zaidi.

Fit za petroli za kati ya 2013 na 2020 hutumia CVT, Vitz pia. Demio ya kizazi unachokitaja ina otomatiki ya kawaida ya gia 6, hilo ni la kuisifu. Fit ya kizazi hicho ya haibridi, yaani ya petroli na mota ya umeme pamoja, ina kitu kingine kabisa: gia 7 zenye klachi mbili zinazoendeshwa na kompyuta. Katika mwaka wake wa kwanza iliitwa kiwandani kurekebishwa mara kadhaa. Zipo zilizotulia baadaye, lakini klachi haipendi foleni ya kujongea hatua kwa hatua, na foleni ndiyo maisha yako. Chukua ya petroli tupu.

Ukilijaribu gari, usikimbie nalo barabara nzuri kama muuzaji atakavyotaka. Tafuta mwinuko mdogo. Simama katikati yake, achia breki taratibu, acha lijongee lenyewe, simama, rudia mara kumi. Kisha rudi kinyumenyume ukipanda. Likitetemeka, likishtuka au likichelewa kuitika unapohamisha toka R kwenda D, mshukuru muuzaji na uende zako.

Tairi nitakuambia kwa ufupi. Ubavuni utaona namba kama 175/70R14. Ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha mpira kwa asilimia ya upana huo, ya tatu ni rimu kwa inchi. Hiyo ina mpira wa milimita 122 kati ya rimu na barabara. Fit hiyohiyo ya daraja la michezo ina 185/55R16, mpira milimita 102. Gurudumu zima karibu ni lilelile kwa kimo, lakini kwenye shimo una sentimita 2 pungufu za kukulinda rimu na mgongo. Rimu kubwa ni za picha. Angalia pia tarakimu nne kwenye mviringo mdogo ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye miaka mingi ni lako kulibadilisha hata kama kashata zake bado nzima, basi lipunguze kwenye bei.

Usalama wa gari lenyewe: dai mfumo unaozuia gari lisiserereke kwenye kona. Ulaya ulikuwa lazima kwa kila gari jipya kuanzia Novemba 2014, ila magari ya nyuma ya hapo, hasa ya madaraja ya chini, mengine hayana. Ukiwasha swichi kabla ya kupiga stata, taa ya njano yenye picha ya gari na mistari ya kupindapinda iwake, kisha izime. Isipowaka kabisa, ama hakuna mfumo ama kuna mtu ameing'oa taa.

Kwa hiyo mimi ningetafuta Fit ya petroli ya cc 1300, ya 2014 kwenda mbele, yenye rimu za inchi 14 au 15. Ukiikosa iliyotunzwa, Vitz ya cc 1300 yenye siti ya nyuma iliyogawanyika. Kati ya Fit isiyo na karatasi hata moja ya matengenezo na Vitz yenye bahasha imejaa risiti za oili, chukua bahasha. Kama utaiona Nissan Note njiani usiipite bila kuifungua, milango yake ya nyuma hufunguka wazi sana na mama atakushukuru, ingawa kwa majora haiifikii Fit.

Siku ya kwenda kuliona, piga simu usiku uliotangulia, umwombe muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, kabla ya salamu ndefu, weka kiganja juu ya boneti. Iwe baridi. Ikiwa ya moto, kuna kitu lilikuwa linafanya asubuhi ambacho hakutaka ukisikie, na unaweza kumwambia kwa upole kwamba utarudi kesho. Na jora moja libebe kabisa, lile refu.